Soksi Nisizoshona

Mimi fundi cherehani wa Kibaigwa,
kibanda cha tatu kutoka mashine ya kukoboa.
Nimeshona majoho ya kwaya, suruali za madereva wa malori,
sare za shule tatu.
Soksi sijawahi kushona.
Basi hizi, nani kanivisha?

Zilianza vidoleni, kimya,
mwaka ule alizeti ilipotuangusha bei.
Zikameza unyayo, zikapita kifundo,
sasa zinautafuta ugoko.
Kila usiku naketi kitandani nizivue,
nashika ngozi.

Mchana ganzi. Usiku siafu.
Shuka lenyewe linanilemea kama gunia la mahindi;
nalisukuma, mke wangu analirudisha:
"Chedego, baridi ya Juni hii."
Nimweleze nini?
Mguu usiosikia, unaumaje?

Siku ya mnada nilikatiza uwanja, bunda la uzi kwapani.
Nyuma yangu mtoto anapiga kelele:
"Babu! Babu! Katambuga!"
Moja ilibaki vumbini, kwa wauza kamba.
Nilitembea hatua ngapi bila yake?
Unyayo wenyewe haukuniambia.

Nyumbani mke wangu akaisoma sakafu ya saruji,
doa, doa, doa, mpaka kwenye kigoda nilichokalia.
Akang'oa mwiba wa mgunga,
mrefu kama sindano ya kushonea magunia,
nami namtazama aking'oa
kama natazama mguu wa jirani.

Kliniki ya sukari ni Jumanne.
Sista Mbeleje alinivua viatu, akanifumbisha macho.
Nilikuwa nimeuona mkononi mwake, uzi wa nailoni;
nyuzi nazijua, huo haukuwa wa kushonea.
"Sema ndiyo ukiguswa."
Nikangoja.
Nikangoja.
Nilidhani hajaanza.
Alikuwa amemaliza.

"Vidonge hivi umemeza miaka mingapi?"
Kumi na mmoja, asubuhi na jioni.
"Nyama?"
Krismasi.
"Mayai? Maziwa?"
Mayai tunauza. Maziwa niliambiwa mwenye sukari asiguse.
"Nani alikuambia?"
Watu.
"Sasa unakula nini?"
Ugali wa uwele na mlenda, Sista. Mlenda na ugali wa uwele.
Akaandika mstari mrefu kuliko jibu langu.

Majibu ya damu yalichukua wiki mbili, yalitoka Dodoma mjini.
Daktari akasema sukari inaunguza mishipa ya fahamu,
hilo nililijua.
Akasema tena: vidonge vinavyokushikia sukari
huweza pia kuibania damu vitamini,
B kumi na mbili.
"Lakini usiviache!" Kidole juu, kama mwalimu.

Kumi na mbili.
Vifungo nanunua hivyo hivyo, kwa dazeni.
Kumbe miaka yote nimetembea shati wazi
upepo wa Dodoma ukiingia,
na mimi nalaumu kitambaa.

"Sasa ni ipi, daktari, iliyoninyang'anya miguu?"
"Huenda zote mbili."
"Na itarudi?"
Akatazama dirishani kidogo.
"Kuna kitakachorudi. Kuna kisichorudi."
Nilimshukuru kwa kutonipunguzia kipimo.

Dawa ilikuwa nyekundu, maji ya zabibu za Hombolo.
Miaka thelathini sindano imenitii;
siku ile nikaigeuzia bega.

Ni Desemba. Sare za Januari zimejaa hadi dirishani.
Mguu unakanyaga pedeli kwa kumbukumbu,
mwendo nausikia masikioni, mkanda unavyolia.
Katambuga nimeacha, navaa raba zilizofumba.
Jioni mke wangu ananikagua nyayo kwa tochi,
mara anacheka, mara hacheki.
Yai moja haliuzwi tena.

Kisha mjukuu wangu Lusito anakuja na unyoya wa kuku.
Nafumba macho.
"Kidole gani, Babu?"
Nasikiliza mbali, kama mtu anayengoja simu
penye mtandao hafifu.
Cha pili?
"Hapana."
Kuna kitu. Si mguso. Ni kama habari ya mguso.
Cha nne.
Anakaa kimya, anafikiri, anataka kuwa mkweli na mwema pamoja.
"Cha tatu," anasema.
"Lakini Babu,
karibu."